Jina la Vita na Jina la Nyumbani



Katika mkutano mkuu uliopita, baada ya taarifa ya mapato na matumizi kupokelewa, lilitolewa pendekezo kwamba bweni la wasichana tunalolijenga lipewe jina la Mirambo. Wengi walipiga makofi. Ndipo mzee wetu mmoja wa Ukune, ambaye ni kati ya wazee waliotusaidia kupata kiwanja, akaomba nafasi. Alisema akiwa amekaa: "Wanangu, mnajua maana ya jina hilo? Na mnajua alikuja kwetu kufanya nini?"

Ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti akaiahirisha ajenda, kisha akaiagiza kamati ya fedha iitafute habari hiyo na kuiandika katika kijitabu cha mwaka huu, kwa kuwa sisi ndio tuliokwisha kuweka gharama ya kibao cha jina kwenye bajeti. Hivyo ndivyo wahasibu walivyojikuta wanaandika historia. Tumesoma, tumeuliza wazee, tumelinganisha. Tulipofika mwisho tuliona kwamba swali la mzee linaligusa daftari letu la michango kuliko linavyogusa kibao cha mlangoni. Tutaeleza kwa nini, ila tuanze na mwenye jina.

Mtoto aliyeitwa Mbula

Mirambo hakuzaliwa akiitwa Mirambo. Alizaliwa karibu na mwaka 1840 huko Uyowa, magharibi mwa Tabora, mtoto wa mtemi Kasanda, na jina lake lilikuwa Mbula Mtelya. Mbula ni mvua, na wote tusemao Kisukuma au Kinyamwezi tunalijua neno hilo tangu utotoni.

Kwetu jina la mtoto hueleza namna alivyokuja duniani. Pacha ni Kulwa na Doto. Anayewafuata ni Shija. Aliyetanguliza miguu ni Kashindye au Kashinje. Akina Mabula wamejaa vijijini mwetu mpaka leo. Jina la namna hii ni kumbukumbu ya kwanza ya mtu: linamwambia kila asikiaye kwamba siku ile palikuwa na watu, na watu hao waliona kilichotokea.

Mirambo ni jina la vita. Maana yake ni maiti, miili ya waliouawa. Mbula alilipata akiwa mtu mzima, vitani, nalo likamkaa. Kwa hiyo mzee wetu hakuwa na utani. Alikuwa anatuuliza kama kweli tunataka neno hilo liandikwe juu ya mlango wa chumba wanacholala watoto wetu.

Watuta wa Runzewe

Ili kuelewa kwa nini kijana wa mtemi mdogo alihitaji jina la namna hiyo, lazima tuitazame nchi aliyokulia. Unyamwezi wa wakati ule ulikuwa na watemi wengi, kila mmoja na eneo lake, wengine eneo lisilozidi mwendo wa siku moja. Katikati yao ilipita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa walikwenda pwani; bunduki, baruti na nguo vilikuja bara. Waarabu walikuwa wamejenga makao yao Tabora, katika utemi wa Unyanyembe, na waliingilia ugomvi wa kurithi kiti ili akae mtemi anayewafaa.

Kisha kuna Wangoni. Hawa walitoka Afrika ya Kusini wakikimbia vita vya zama za Shaka, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakafika Ufipa. Huko kiongozi wao Zwangendaba alifariki, na watu wake wakagawanyika. Kundi moja, waliloliita Watuta, lilielekea kaskazini na mwishowe likatulia Runzewe. Ni Runzewe hii hii ya Bukombe, ambako wengi wetu hushuka basi kununua mahindi ya kuchoma tunapokwenda nyumbani.

Watuta walipigana kwa namna mpya. Walikwenda kwa vikosi, walikuwa na nidhamu, na mateka wa vita waliwafanya kuwa askari wao. Mbula alijifunza kutoka kwao, na baadaye akafanya nao urafiki wa vita. Akakusanya vijana walioitwa ruga-ruga. Miongoni mwao walikuwamo mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi walioachwa njiani na vijana wasio na mke wala shamba. Mtu wa namna hiyo hakuulizwa sana ametoka kwa nani. Aliulizwa kama anaweza kupigana.

Hapo sisi tuliona kitu tunachokijua. Nendeni leo kwenye machimbo yoyote ya dhahabu kuanzia Kakola mpaka Nyarugusu, mkaulize mtu kwa jina lake la kuzaliwa. Hamtampata. Duarani, kwenye karasha na mwaloni watu wana majina mengine: ya wachezaji mpira, ya marais, ya magari, ya wanyama. Kijana anapofika kutafuta maisha huliacha jina la nyumbani mlangoni kama anavyoacha viatu, na jina jipya humpa ujasiri ambao la zamani halikuwa nao. Ruga-ruga walifanya vivyo hivyo, na mkuu wao aliwatangulia.

Watu wawili wenye majina ya kujipatia

Akitumia jeshi hilo, Mirambo aliunganisha watemi wengi wa Unyamwezi chini yake, baadhi kwa vita na baadhi kwa makubaliano. Mwaka 1871 ugomvi wake na Waarabu wa Tabora ukawa vita kamili, na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa.

Mwezi Juni wa mwaka huo huo alikuwa amefika Tabora mwandishi wa gazeti kutoka Marekani aitwaye Henry Morton Stanley, akimtafuta Dk. Livingstone. Stanley aliingia vitani upande wa Waarabu. Mwezi Agosti jeshi lao liliangukia mtego wa Mirambo na kutawanyika, na siku chache baadaye Mirambo mwenyewe akaivamia Tabora na kuchoma nyumba. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Kiarabu, aliuawa. Stanley akalazimika kuzunguka mbali upande wa kusini ndipo akafika Ujiji, mwezi Novemba. Aliondoka nchi hii akimsimulia Mirambo kuwa jambazi. Sultani Barghash alipeleka askari kutoka Unguja, nao hawakumshinda.

Stanley alirudi. Mwezi Februari 1875 alipita kwetu, akakatiza Usiha ya Shinyanga na kuisifu kwa uzuri wa malisho yake, kisha akafika Ziwa Victoria tarehe 27 mwezi huo huo. Baada ya kulizunguka ziwa aligeuka kusini, na mwezi Aprili 1876, mahali palipoitwa Serombo, alikutana uso kwa uso na mtu aliyekimbizwa naye miaka 5 kabla. Alitazamia kuona jitu la kutisha. Aliyemkuta ni mtu mpole, mwenye sauti ya taratibu, anayetazama chini anapozungumza. Wakachanjiana damu wakawa ndugu.

Tujiulize ni nani hasa waliochanjiana damu siku ile. Upande mmoja alikuwa Mbula mwana wa Kasanda, aliyejulikana kwa jina la maiti. Upande wa pili, yule aliyeitwa Henry Stanley alizaliwa Denbigh, huko Wales, mwaka 1841, akiitwa John Rowlands. Mama yake hakumlea. Alikulia katika nyumba ya maskini. Alipofika New Orleans akiwa kijana alichukua jina la mfanyabiashara tajiri wa mji ule, akalivaa maisha yake yote. Baadaye huko Kongo watu walimpa jina la tatu, Bula Matari, mvunja mawe. Kwa hiyo watu wawili walifanywa ndugu, na majina yaliyotajwa katika undugu huo hayakuwa yale waliyopewa na mama zao.

Stanley alimlinganisha rafiki yake mpya na Napoleon Bonaparte. Wazungu wakaipenda sifa hiyo, nayo ikarudiwa vitabuni. Lakini hata hiyo ilizidi kumfunika yule Mbula.

Kifo cha Ukune

Miaka iliyofuata Mirambo alitaka biashara ya moja kwa moja na Waingereza, bila kupitia Tabora. Mwaka 1879 alimkaribisha Dk. Southon wa London Missionary Society aishi karibu naye. Urafiki huo uliharibika mwaka 1880, Wazungu wawili, Carter na Cadenhead, walipouawa katika mapigano yaliyohusisha majeshi yake huko Upimbwe. Southon mwenyewe alifariki mwaka 1882 kwa ajali ya bunduki, na hakubaki mtu wa kumsemea vizuri Unguja.

Mwaka 1884 Mirambo, akiwa tayari anaugua koo, aliongoza vita kuelekea kaskazini, dhidi ya Ukune. Ukune leo ni kata ya Halmashauri ya Ushetu, na ndiko anakotoka mzee aliyetuuliza swali. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884 katika vita hivyo.

Basi jibu la swali la pili la mzee ni hili: Mirambo alikuja Ukune kupigana, na hakurudi akiwa hai. Sisi tuliosomea mjini tulifundishwa darasani kwamba Mirambo ni shujaa aliyewakabili Waarabu, na hilo ni kweli. Lakini Ukune wana kumbukumbu yao ya shujaa huyo huyo, nayo pia ni kweli. Mwenye kupendekeza jina anapaswa kuzibeba zote mbili.

Baada ya kifo chake alirithi ndugu yake Mpandashalo. Watemi waliounganishwa kwa hofu ya jina waliona mwenye jina hayupo, wakaanza kujitenga mmoja baada ya mwingine. Miaka michache tu ilitosha kuvunja kilichojengwa kwa zaidi ya miaka 20. Kilichobaki ni jina. Liko katika jina la wilaya ya Urambo. Liko kwenye kambi ya jeshi Tabora. Na wale wa kazi yetu mnalijua kwa sababu nyingine: Benki Kuu ya Tanzania jijini Dar es Salaam iko Mtaa wa Mirambo, namba 2. Fedha zote za nchi zimelala kwenye mtaa wenye jina la vita la kijana wa Uyowa, na wapitao pale wakiulizwa Mbula ni nani watadhani umemtafuta mlinzi wa zamu.

Chungu cha mawe

Mwezi huo huo wa Desemba 1884 alifariki mtu mwingine ambaye habari yake inapaswa kusomwa pamoja na hii. Alijulikana kwa jina la Nyungu ya Mawe. Nyungu ni chungu. Chungu cha udongo huvunjika. Yeye alijisifu kuwa chungu cha mawe. Alitoka katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, akapoteza nafasi huko, akakusanya ruga-ruga wake na kuingia Ukimbu, kusini mwa Tabora. Alikuwa na jicho moja na alikuwa mkali. Kwa ukatili hakuna anayeweza kusema alipungukiwa na Mirambo.

Tofauti yao ni moja, nayo ni ya kiutawala. Nyungu aliwaweka watwale, yaani maofisa wake, kila mmoja akisimamia kundi la watemi wadogo wa Kikimbu. Watemi waliendelea kukaa kwenye viti vyao na kufanya matambiko yao. Mtwale alihakikisha pembe za ndovu na kodi vinafika makao makuu. Kila mtu alijua anawajibika kwa nani. Nyungu alipofariki, kiti kilirithiwa na binti yake Mgalula, na utawala ukaendelea chini ya mwanamke huyo na waliomfuata, mpaka Wajerumani walipouvunja katika miaka ya 1890.

Waasisi wawili, majina mawili ya kutisha, vifo katika mwezi mmoja. Aliyeacha jina peke yake, kazi yake ilimalizika haraka. Aliyeacha jina pamoja na utaratibu, kazi yake iliendelea mikononi mwa binti yake. Mhasibu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Chama kinachosimama kwa sababu watu wanamwogopa au wanampenda mwenyekiti fulani huishi muda wa mwenyekiti huyo. Chama chenye daftari, stakabadhi na mtu anayejulikana wa kuulizwa huishi baada yake.

Mwana wa miguu

Wasomaji wetu wa Shinyanga watauliza mbona hatujamtaja wa kwao. Tunamtaja. Zama za Wajerumani na Waingereza Usukuma ilikuwa na manju na mganga ambaye sifa zake zilivuka mipaka yote ya utemi. Tangu tukiwa watoto tumesimuliwa kwamba alinyoosha kidole na miti ikakauka, na kwamba Wajerumani walimkamata kwa kuogopa kidole hicho. Kila Msukuma anamjua kwa jina la Ng'wanamalundi.

Malundi ni miguu. Wazee husimulia kwamba aliitwa hivyo kwa sababu ya urefu wa miguu yake, akawa mwana wa miguu. Jina alilopewa na wazazi wake ni Igulu, mwana wa Bugomola. Jina lake la pili halikuwa la vita. Lilitoka kwa watazamaji, kwenye uwanja wa ngoma, nalo ni la upendo na utani. Hata hivyo limefanya kazi ile ile. Igulu amepotea ndani ya Ng'wanamalundi kama Mbula alivyopotea ndani ya Mirambo. Hatusemi majina ya utani ni mabaya. Tunasema tu kwamba yana nguvu ya kula, na lisipoandikwa lingine pembeni yake, jina la utani litakula mpaka la kwanza liishe.

Stakabadhi mfukoni

Sasa tufike kwenye daftari letu.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa kwetu alikuwa akituchangia kutoka machimboni, upande wa Geita. Hakukosa hata mwaka mmoja. Fedha zilikuja kwa simu, mara kwa laini yake, mara kwa laini ya mwenzake, na kila mara ujumbe ulifuata ukisema tuandike jina fulani. Lilikuwa jina la machimboni. Tuliliandika kama alivyotaka, tukamtumia stakabadhi kwa mkono wa dereva wa basi, tukashukuru.

Siku moja duara liliporomoka. Wenzake walipofanikiwa kumtoa walikuta mfukoni stakabadhi yetu, imekunjwa vizuri ndani ya nailoni. Wakapiga namba iliyochapwa juu yake. Waliuliza swali moja: huyu kwao ni wapi?

Tukafungua daftari. Kiasi kilikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Namba ya stakabadhi ilikuwepo. Jina tulilokuwa nalo ni lile lile walilokuwa nalo wao. Hesabu zetu za mwaka ule zilikuwa zimekaguliwa na kupata hati safi, na bado hatukuweza kusema mtu huyu ni mtoto wa nani.

Ilichukua siku 3 kumpata mama yake. Tulipiga simu kwa watendaji wa vijiji, kwa makatekista na mashehe, kwa madereva wa basi, huku mwili ukisubiri mochwari na vijana wa machimboni wakichangishana gharama za kuutunza. Alikuwa anatoka kijiji ambacho wawili kati yetu tuna mashamba.

Tulikwenda kuzika. Baada ya mazishi mama alitutajia jina la mwanawe, nasi tukaliandika hapo hapo tukiwa tumesimama. Mmoja wetu akamwuliza lile la machimboni alilipata wapi. Mama akasema, "Lilikuwa jina la maksai wetu." Ng'ombe huyo ndiye aliyewalimia shamba kwa miaka mingi, na ndiye aliyeuzwa ili kijana amalize kidato cha nne. Alipokwenda machimboni alichukua jina la yule maksai.

Kwa miaka yote ile tulidhani ni jina la mzaha. Kumbe alikuwa anamlipa aliyemsomesha, na kila mchango alioutuma kwa ajili ya shule ulikuja kwa jina la ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya shule. Hatukujua kwa sababu hatukuuliza. Jina hilo hatulitaji hapa kwa kuiheshimu familia, ila sasa limo katika daftari, pamoja na la kuzaliwa, katika mstari mmoja.

Tunachopendekeza na tunachoomba

Kwanza, kuhusu kibao. Kamati ya fedha inashauri bweni lisiitwe Mirambo. Hatumkatai kama mtu wa historia yetu. Tunakataa kuwalaza binti zetu chini ya neno maiti, na tunakataa kuwaomba watu wa Ukune watoe kiwanja halafu tuandike juu yake jina la aliyewavamia. Yapo mapendekezo mengine. Baadhi ya wanachama wanasema liitwe Mgalula, kwa kuwa ni binti aliyepokea kazi ya baba yake na kuiendeleza. Wengine wanasema liitwe Mbula, kwa kuwa hilo lilikuwa jina la mtoto kabla vita havijamfikia, na kwa kuwa kwetu hakuna asiyeomba mvua. Tulipompelekea mzee wetu majina hayo mawili alicheka kidogo, akasema la kwanza hamjui mwenyewe, na la pili hana ugomvi na mvua. Uamuzi ni wa mkutano mkuu.

Pili, kuhusu daftari. Kuanzia mwaka huu kila mchango utaandikwa katika safu 4: jina la kuzaliwa, jina unalojulikana nalo unakofanyia kazi, kijiji chenu, na ndugu mmoja wa kutafutwa. Jina lako la kazini halitafutwa. Ukitaka litajwe peke yake siku ya harambee, litatajwa peke yake, na safu nyingine zitabaki kwa mweka hazina na katibu tu. Lakini zitakuwepo. Tunawaomba hasa vijana wa machimboni, madereva, na wale walio nje ya nchi ambako majina yetu hufupishwa ili watu wa huko waweze kuyatamka. Mlikokwenda mmepata majina mapya kwa jasho lenu, nasi tunayaheshimu. Tupeni na lile la zamani tuwatunzie.

Tatu, kuhusu jengo. Kuta zimefika usawa wa linta. Zimebaki mbao na mabati ya kuezekea, lipu, milango, vitanda vya ghorofa na tanki la kuvunia maji ya mvua. Makisio yamo katika ukurasa wa bajeti, na fomu ya ahadi iko nyuma ya kijitabu hiki. Binti wa kutoka vijiji vya mbali bado anapanga chumba mtaani akiwa na miaka 14, bila mtu mzima wa kumtazama, na ninyi wenye watoto mnajua mambo yanayofuata. Kila mwezi jengo linaposimama bila paa kuna watoto wanaoacha shule.

Anayetoa bati moja ataandikwa sawa na anayetoa mabati 100, katika daftari lile lile, kwa safu zile zile 4. Na siku yoyote mtu akipiga simu kuuliza huyu kwao ni wapi, tutafungua ukurasa na kumjibu.



Kamati ya Fedha